Gari Jipya, Injini ya Zamani

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo yafaa ikumbukwe na kila atakaye kuielewa biashara moja ya malori iliyostawi huko Marekani baada ya mwaka 2010. Lori la trela lilitoka karakanani liking'aa kwa rangi, viti vikinukia upya, nalo halijapata kubeba mzigo hata siku moja. Lakini chini ya boneti mlikuwamo injini ya dizeli iliyoundwa miaka kumi na mitano au zaidi kabla ya hapo, ambayo ilikwisha kufanya kazi katika lori jingine hadi lile likachakaa au likapondeka.

Lori la namna hiyo Wamarekani huliita glaida, jina ambalo pia ni la ndege isiyo na injini. Kiwanda huuza fremu, kebini, ekseli ya mbele na breki. Injini na giaboksi havimo. Kwa miaka mingi mpango huo ulikuwa wa manufaa matupu. Mtu ambaye lori lake liliharibika katika ajali hakulazimika kuitupa injini iliyo nzima. Alinunua mwili mpya, akautia moyo wa zamani. Hapana aliyemlaumu, kwani kukitunza kilicho kizima ni desturi ya nyumba yenye akili.

Askari aliyepata kufanya kazi gerejini ajua kwamba kuifufua injini si kazi ya mchezo. Hufumuliwa yote. Bloku huoshwa na kupimwa, krankshafti huchongwa upya, slivu, pistoni, ringi na beringi huwekwa mpya, nozeli nazo hukaguliwa moja baada ya moja. Injini iliyopendwa kuliko nyingi kwa kazi hiyo ni Detroit Diesel Series 60, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987, ambayo ikitunzwa vema huweza kwenda zaidi ya kilomita milioni moja kabla ya kufumuliwa. Fundi aliyeirudishia nguvu injini kama hiyo anastahili heshima.

Basi tatizo lilitoka wapi? Lilitoka katika moshi. Kati ya mwaka 2007 na 2010 sheria mpya za Marekani zilianza kutumika kwa injini za malori makubwa. Kiasi cha masizi kilichoruhusiwa kilipunguzwa kikawa sehemu moja ya kumi ya kile cha zamani, na gesi za oksidi za naitrojeni zikashushwa hadi sehemu moja ya ishirini ya kiasi kilichoruhusiwa mwaka 1998. Ili kuitimiza sheria, viwanda vilitia chujio la masizi katika ekzosi, na baadaye vikaongeza tangi la maji ya yurea ya kuitulizia ile gesi.

Vyombo hivyo viliongeza bei ya lori, na katika miaka ya mwanzo viliwasumbua sana madereva. Chujio likijaa, sharti masizi yake yachomwe kwa joto kali, na pengine lori lilisimama kando ya njia mpaka kazi hiyo iishe. Mwenye kampuni ya malori mia aliweza kustahimili hasara hiyo. Lakini mtu mwenye lori moja tu, ambalo ndilo shamba lake na ndiyo karo ya wanawe, kila siku ya gereji ilikuwa siku ya njaa. Hivyo wengi waliikimbilia glaida. Wauzaji walisema kwamba bei yake ilipungua kwa kadiri ya robo, na injini yake ilifahamika kwa kila fundi. Tena, tangu Desemba 2017, lori lenye injini ya kabla ya mwaka 2000 lilisamehewa kufungiwa chombo cha kurekodi saa za dereva.

Glaida zilizokuwa mamia machache kwa mwaka zikaongezeka hata zikakadiriwa kufika yapata 10,000 mwaka 2015. Katika mji mdogo wa Byrdstown, jimbo la Tennessee, kampuni ya Fitzgerald ilikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, na watu wa vijiji vya jirani walipata ajira.

Ndipo serikali ilipopima. Mwezi Novemba 2017, Shirika la Kuhifadhi Mazingira la Marekani lilitoa matokeo ya kuzijaribu glaida mbili. Katika mwendo wa barabara kuu, zilitoa gesi za naitrojeni mara 43 na masizi mara 55 kuliko malori ya kawaida ya siku hizo. Katika mwendo wa kusimama na kuondoka, kama ule wa mjini, masizi yalizidi kutoka mara 50 hadi mara 450. Na moshi huo si uchafu wa nguo tu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Na miongoni mwa watu waliochunguzwa walikuwamo wachimba migodi na watu wa kazi ya malori. Maana yake ni kwamba dereva mwenyewe, yule aliyetaka kuokoa fedha kwa ajili ya wanawe, yumo katika safu ya mbele ya hatari.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2016 ilikuwa imeamuru kwamba kuanzia mwaka 2018 karakana ndogo isiunde glaida zaidi ya 300 kwa mwaka zenye injini za zamani. Mvutano ukawa mkubwa. Tarehe 6 Julai 2018, siku ya mwisho ya Scott Pruitt katika uongozi wa Shirika hilo, ilitolewa ahadi ya kutowachukulia hatua watakaovuka kiasi hicho. Mahakama ya rufani mjini Washington iliisimamisha, na kabla ya mwezi kwisha, Andrew Wheeler, aliyeshika nafasi yake, akaifuta.

Kisa hiki chafaa kuzungumzwa hata katika nyumba ya askari anayetarajia kutumia kiinua mgongo chake kununua lori kuukuu. Rangi isimpumbaze. Afungue boneti, aulize umri wa injini na nani aliyeifumua, kisha aiwashe na kuutazama moshi: mweusi waonyesha dizeli isiyoungua vema, wa buluu waonyesha oili inayoungua. Na akipewa bei ya chini mno, aulize pia ni nani atakayelipa kilichopunguzwa. Huko Marekani robo ile ya bei haikupotea. Ilihamia katika vifua vya dereva na vya watoto wanaokaa kando ya barabara. Rahisi huvunja upishi, na aliyepika si yeye peke yake alalaye njaa.