Mwenye Ng'ombe Aulizwe

Usiku wa Julai 17, 2021, lori la petroli lilipata ajali huko Malanga, Gem, katika barabara ya Kisumu kwenda Busia. Waliokimbilia kuchota mafuta walilipukiwa na moto, wakafa watu wasiopungua 13. Ndivyo ilivyokuwa Sachang'wan mwaka 2009, na Sinai, Nairobi, mwaka 2011. Kila mara lawama huwaendea maskini wenye mitungi. Mwenye mafuta huulizwa mwisho, pengine asiulizwe kabisa.

Hatumhukumu yeyote kabla hajasikilizwa. Lakini sheria ya Musa, katika Kutoka 21, humtia hatiani mwenye ng'ombe apigaye watu pembe, ikiwa alikwisha kuonywa naye asimfunge. Kanuni hiyo hiyo tunaidai kwa makampuni: nani alionywa, lini, na alifanya nini?

Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 humruhusu raia kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yuko aliyekwisha kudhurika. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi, walishitaki kiwanda pamoja na serikali. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwarejeshea fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Basi sisi wa kando ya ziwa, penye bohari na gati la mafuta, tusingoje mazishi. Kila parokia na kila kamati iandike hatari iionayo, impelekee mwenye mali onyo kwa barua, na iweke nakala. Siku ya kesi, nakala hiyo itasema.