Mambo ya Nyumbani: Pazia la Dirisha na Kazi Yake

Kahawa ikiisha kuvunwa na kuuzwa, katika Karagwe na Kyerwa huwa ndio wakati wa watu kutengeneza nyumba zao. Huyu anunua mabati, yule atia saruji sakafuni, na wengi huenda sokoni Kayanga, au Omurushaka, au Nkwenda, kutafuta mapazia ya madirisha. Ni jambo jema, maana nyumba nadhifu ni heshima ya wenyewe. Lakini twaona ya kuwa mara nyingi pazia huchaguliwa kwa ajili ya macho ya mgeni aketiye sebuleni, wala si kwa faida ya mtoto alalaye chumbani. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kueleza kazi ya pazia ni ipi, na kazi isiyo yake ni ipi.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Nyumba ya msonge ilikuwa na mlango, lakini dirisha haikuwa nalo. Hata hivyo pazia lenyewe si jambo geni katika nchi zetu. Huko Uganda, ng'ambo ya mto Kagera, watu walipondaponda gome la mti uitwao mutuba hata likawa nguo laini, ndiyo lubugo. Wakaivaa, wakailalia, wakaifanya pazia na kinga ya mbu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote. Nguo za pamba nazo zilifika mapema. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, waliwakuta wafanya biashara Waarabu wamekwisha kuweka kituo chao Kafuro. Baadaye zikaja nyumba za pembe nne, na pamoja nazo madirisha. Basi dirisha likaleta maswali matatu: jicho la mpita njia, jua, na mbu.

Pazia laweza kujibu maswali mawili ya kwanza. Huzuia jicho, hupunguza jua na vumbi jekundu la barabarani. Lakini swali la tatu haliwezi. Upepo ukilipeperusha kidogo tu, mbu amekwisha kuingia. Tena mchana hupata maficho katika marinda yake. Wala mtu asiseme ya kuwa nchi yetu ni ya vilima na baridi, na kwa hiyo malaria si yetu. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998, malaria ililipuka kwa nguvu katika Muleba, jirani zetu, na huko Kabale katika milima ya Uganda. Watu wa nchi za juu, wasioizoea sana homa hii, ndio hupata taabu kubwa inapowajia kwa ghafula.

Kinga ya dirisha ni wavu. Jambo hili lilijaribiwa zamani. Mwaka 1900 waganga wawili, Sambon na Low, walikaa katika kibanda chenye wavu karibu na Ostia nchini Italia, mahali palipojulikana kwa homa. Walikaa tangu Julai hata Oktoba, wakiingia ndani kabla ya jua kuchwa na kutoka baada ya kucha. Dawa ya homa hawakunywa, wala homa hawakuipata.

Lakini dirisha peke yake halitoshi. Mbu aletaye malaria akikutana na ukuta huruka juu, akapita katika upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Katika Gambia wataalamu walijaribu njia mbili, wakatoa habari zake mwaka 2009. Nyumba nyingine walizitia wavu milangoni na madirishani, wakauziba upenyo wa juu. Nyingine wakazitia dari ya wavu tu. Nyingine wakaziacha kama zilivyo. Katika nyumba zilizoachwa, watoto 19 katika 100 walionekana wana upungufu wa damu. Katika nyumba za wavu kila mahali walikuwa 12 katika 100; na katika nyumba za dari tu, vivyo hivyo 12. Angalieni neno hili: dari peke yake ilikaribia kufanya kazi sawa na wavu wa nyumba nzima, kwa kuwa iliifunga ile njia ya juu.

Basi fedha ikiwa haba, utaratibu wake uwe huu. Kwanza, kila alalaye awe na chandarua chenye dawa kitandani, wala asikikate kilicho kizima ili kupamba dirisha. Pili, tieni wavu madirishani, kwa vijiti vya mbao na misumari midogo, usiache nafasi pembeni. Chandarua kikuukuu kilichokwisha kupata badala yake chafaa kwa kazi hii. Tatu, zibeni upenyo wa juu kwa tofali na udongo. Lakini kama moto hupikiwa ndani, msizibe, bali tieni wavu, ili moshi upate njia ya kutoka. Nne ndipo mnunue pazia.

Katika kununua pazia, pimeni kabla ya kwenda sokoni. Bomba la pazia lizidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande, na upana wa nguo uwe kama mara mbili ya urefu wa bomba, ili marinda yapatikane. Kwa mfano, dirisha la upana wa mita 1.20 hutaka bomba la mita 1.50 na nguo ya mita 3. Doti moja ya kanga, kila kipande kikiwa na upana wa karibu mita 1.50, hutosha kabisa, ikiwa kimo cha dirisha hakipiti sentimita 90. Lakini someni kwanza jina la kanga! Kanga ivaliwayo hupita na mwenyewe. Kanga itundikwayo dirishani husema neno lake mchana kutwa, na huenda jirani akadhani anaambiwa yeye.

Sebuleni shela jepesi lafaa, maana hupitisha mwanga, na mchana mtu wa nje haoni ndani. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka, naye aliye nje huona yote. Kwa hiyo chumba cha kulala chataka nguo nzito zaidi, kama kitenge au marekani. Katika nchi hii iliyo karibu na Ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo hupigwa na jua kali. Hapo msitundike rangi ya thamani, maana itapauka. Tena chagueni nguo ifulikayo nyumbani kwa maji na sabuni. Pazia lisilofulika huwa ghala ya vumbi. Karibu na jiko au kibatari pazia lisiwepo kabisa, hasa lile la nyuzi za viwandani, ambalo huyeyuka likiwaka na kushikamana na ngozi.

Neno letu la mwisho ni kubwa kuliko yote. Wako watu ambao, wakiisha kupata mapazia mazuri, huyafunga madirisha kwa majuma mengi yasije yakachafuka. Hapo pazia limekuwa bwana wa nyumba. Chumba kisichopata hewa hulimbikiza moshi na unyevu. Na kama yumo mwenye kifua kikuu, kila alalaye humo huvuta hewa ileile. Fungueni madirisha kila asubuhi, pazia likiwa limevutwa kando. Wavu utabaki kulinda.

Walimu waweza kuwafundisha watoto jaribio hili dogo, nao wakalipeleka nyumbani. Mchana, jua likiwa kali, fungeni milango na madirisha yote, vuteni mapazia, mkasimame kimya ndani hata macho yazoee giza. Kisha tazameni juu. Kila mahali mwanga upenyapo, hapo ndipo mlango wa mbu. Hesabuni matundu hayo, na fedha ya kahawa ianzie hapo.