Bei ya Injini ya Mtumba Si Hesabu Yote

MOSHI: Wenye mabasi, injini inapokufa, huuliza kwanza bei ya injini ya mtumba. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni gari litalala gereji siku ngapi, kwa kuwa marejesho ya mkopo hayalali nalo.

Injini ya dizeli ya basi kubwa huweza kufika nusu tani na zaidi. Kuishusha ni kazi ya winchi na mafundi kadhaa: rejeta, nyaya, mabomba ya dizeli na propela hufunguliwa, giaboksi hutenganishwa. Kuirudia kazi hiyo kwa sababu injini iliyonunuliwa ilikuwa mbovu ni kulipa mara mbili. Hivyo muuzaji aiwashe hapo hapo, presha ya oili ipimwe ikiwa imeshapata moto, na kifuniko cha oili kifunguliwe. Tundu likitoa moshi mzito kwa kasi, huenda ringi na silinda zimekwisha. Akikataa kuiwasha, mteja aondoke na fedha zake.

Ubahili mwingine ni kurudishia klachi iliyolika na rejeta iliyoziba. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu ni zaidi ya 1,800. Mlima huo hupika injini yenye rejeta mbovu, hata iwe nzima namna gani.

Kisha kuna kadi ya gari, yenye namba ya injini. Asiyepeleka mabadiliko TRA aweza kukwama siku ya kuuza basi, mnunuzi akishafungua kifuniko na kukuta namba hazilingani.