Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Mpiga Udi wa Mji wa Kale Atunzwe na Nani?

Mgeni akishuka Mombasa huuliza maswali mawili kabla hata hajaketi kitako. La kwanza, nile wapi? La pili, taarabu yasikika wapi? Sisi wenyeji wa Mji wa Kale swali la kwanza hulijibu kwa kidole tu. La pili hutufanya tutazamane, mpaka mmoja wetu aseme, "Labda kukiwa na harusi."

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu leo. Itakuwaje mtaa mmoja, wenye vichochoro vile vile na watu wale wale, uwe na chakula kila pembe na muziki wake uwe wa kubahatisha?

Tuanze na chakula, kwani njaa haina subira. Baada ya sala ya alfajiri ingia kwa upande wa Fort Jesus, ile ngome Wareno waliyoanza kuijenga mwaka 1593, kisha ufuate Ndia Kuu. Utawakuta akina mama milangoni mwao, mahamri yakivimba mafutani na sufuria la mbaazi za nazi likifuka moshi kando. Usitafute kibao wala karatasi ya bei. Watafute watoto waliotumwa na mabakuli. Watoto hao wametumwa na mama zao, na mama wa Mji wa Kale hamtumi mtoto kwa mpishi asiyejua kazi. Walipopanga foleni, nawe simama hapo.

Adhuhuri ni zamu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, na siku ya Ijumaa, baada ya sala, ni zamu ya pilau na biriani. Ukipata mwaliko wa nyumbani usiukatae, maana hakuna mkahawa utakaokupa ukoko kama ule wa sufuria ya nyumbani. Alasiri ikisha kusaliwa, viazi vya karai huanza kuingia mafutani vikiwa vimevaa unga wa manjano, navyo huliwa kwa ukwaju na pilipili. Muhogo wa kukaanga haukosi, wala kachiri, mabuyu na achari za watoto. Kisha hupita muuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe ili watu wa barazani wajue amefika. Kahawa ni chungu, ndiyo maana huandamana na kashata au kipande cha haluwa.

Magharibi makaa ya mishkaki huwashwa kando ya njia, na aliye na bahati hupata mkate wa mofa wa kuilia nyama hiyo. Ama mwezi wa Ramadhani, hapo usiniulize. Meza hutolewa nje tangu alasiri, sambusa, katlesi, vitumbua na kaimati, na mtu aliyefunga hupita akitazama chini asije akajitesa bure.

Sasa, msomaji, hebu jiulize ni kwa nini mambo haya yamedumu. Wako watakaosema ni kwa sababu chakula chetu ni kitamu. Ni kweli, lakini utamu peke yake haumweki mtu jikoni saa kumi za usiku. Mahamri yamedumu kwa sababu kila asubuhi yupo mtu anayetoa pesa mfukoni na kuyanunua. Mama akipata cha kumsomesha mwanawe kwa kazi hiyo, binti yake ataiona kuwa kazi ya maana, naye atajifunza kukanda unga. Ndiyo siri yote.

Tugeukie muziki. Sifa za Mombasa katika taarabu si hadithi ya kujisifu. Zama za ukoloni Sauti ya Mvita, redio ya hapa hapa, iliwatia watu wa pwani masikioni nyimbo za kwao. Baadaye alikuja Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao Mombasa, akaushika udi mpaka watu wakadhani una ulimi. Juma Bhalo aliimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na mengi ya maneno yake yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo. Walikuwako Matano Juma na Morning Star Orchestra yake, Maulidi Juma na kikundi chake, na kwa upande wa wanawake Malika na Zuhura Swaleh, ambaye nyimbo zake zilinogeshwa na tashkota. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa rekodi ya Zein kwa jina la Mtindo wa Mombasa. Wazungu wakainunua, wakaisikiliza, wakatuandikia sifa.

Watu hawa walilishwa na nani? Hawakulishwa na serikali, wala hawakutegemea tikiti za mlangoni. Walilishwa na harusi. Turubai lilifungwa njiani, wake wakakaa upande wao na waume upande wao, mwenye harusi akalipa alichopatana na kikundi, na wasikilizaji wakaongeza kwa kutuza. Aliyeguswa na ubeti aliinuka na noti mkononi, na wakati mwingine mji mzima ulijua kwa nini ubeti ule umemgusa yeye na si mwingine. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema wazee, nao walitenda walivyosema.

Kisha ikaja kanda. Siilaumu, kwani ndiyo iliyozifikisha nyimbo hizi kila mahali pwani, na hata Oman na nchi za Ghuba walikokwenda ndugu zetu kutafuta riziki. Lakini kanda ilimfundisha mwenye harusi hesabu mpya. Kanda haidai nauli wala haili pilau. Baada ya kanda kikaja kinanda cha umeme, ambacho kijana mmoja hufanya kazi ya watu wanane, na baada ya hapo simu na spika kubwa. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, na Zein mwaka 2016. Mungu awarehemu. Tulilia sana. Lakini kabla ya kulia, ni wangapi kati yetu tuliokuwa tumempeleka mtoto akajifunze udi, au tuliomlipa mpigaji kwa harusi ya binti yetu?

Najua wako wazee na mashekhe watakaoniambia kwamba kuondoka kwa muziki ni heri, na kwamba harusi yatosha kwa dufu, kasida na dua. Mimi si mwanachuoni, nami siwezi kutoa fatwa gazetini. Ambaye nyumba yake haipigwi ala yoyote, namheshimu, na maneno yangu hayamhusu. Nasema na yule ambaye tayari amekodi spika mbili zenye kimo cha mtu, akazielekeza kwenye dirisha la jirani mgonjwa, zikanguruma nyimbo za nchi za mbali mpaka adhana ya alfajiri inakaribia. Huyo muziki ameukubali na pesa amezitoa. Basi mbona asizitoe kwa udi, ambao sauti yake haivuki ukuta wa tatu, na mashairi ambayo bibi yake angeyaelewa?

Kuna jambo jingine. Mpiga udi akikosa harusi za kwao, njia iliyobaki ni kuwapigia watalii, nusu saa kati ya supu na samaki. Kazi ya halali si aibu, ila msikilizaji asiyejua lugha hatuzi ubeti, hutuza fulana ya mistari na kofia. Fumbo halimchomi. Mshairi naye akiona fumbo halina wa kulifumbua, ataacha kufumba. Hapo taarabu itakuwa imebaki na ala tupu, kama dele lisilo na kahawa.

Nini kifanyike? Silitaki jambo kubwa. Mwenye harusi, unapoandika orodha ya mchele, nyama na hema, andika pia mpiga udi na mpiga dumbaki. Watu wawili watatu watosha, si lazima bendi nzima. Wenye mikahawa ya Kibokoni na Ndia Kuu, watengeeni jioni moja kwa wiki baada ya isha, kwa sauti ya chini isiyoudhi msikiti wala majirani. Wateja wa mishkaki mnao tayari, na mtu aliyeshiba ndiye anayesikiliza vizuri. Vijana wenye vinanda vya umeme, nendeni mkakae na wazee waliobaki wakiwa bado wana nguvu vidoleni. Nasi wasikilizaji tuache tabia ya kunyanyua simu kupiga picha badala ya kunyanyua mkono kutuza.

Kwa mgeni aliyeniuliza, jibu langu la leo ni hili. Kula kwa foleni ya watoto asubuhi, kwa mwenye karai alasiri, na kwa makaa usiku. Kwa taarabu, fanya urafiki na watu wa barazani, ualikwe harusini kama mtu na si kama mtazamaji. Vaa nguo ya heshima, usivuke upande usio wako, wala usiwapige picha akina mama. Na noti ndogo ndogo ziwe mfukoni, maana ukiguswa utazihitaji.

Na kwetu wenyeji, Mfungo Mosi ukiingia harusi zitaanza kufuatana. Siku utakayomwita mpishi wa pilau kupatana naye, mwite na mpiga udi, na umpe arubuni yake papo hapo.