Mwenye kugonga awe na haki ya kusema « tusimame »

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama benye kutungojea ku nyumba kila magaribi, leo ninaanza na kitu isiyo ya mu mine: bawa ya ndeke.

Kuko ndeke bila moteri, inaitwa planeri. Inavutwa juu na kamba ao na ndeke ingine, kisha inaachiliwa, inabebwa na upepo ya moto yenye kupanda. Ku Mweiga, kule Kenya, batu bameziendesha myaka mingi. Ndani yake hakuna moteri ya kukuokoa. Bawa ikivunjika, ni mwisho.

Ndiyo maana kila mwaka inasimamishwa. Mabawa yanatolewa ku mwili. Fundi anatafuta rangi yenye kupasuka, anapima pini na matundu yake kama hayakulegea, anatikisa ncha ya bawa na kusikiliza. Kama bawa ni ya faiba, anaigonga polepole na franka ya chuma. Fasi nzima inalia wazi. Fasi yenye kuachana ndani, sauti yake inakufa.

Sisi tunajua ile kazi! Mu shimo, kisha kupasua mawe na mbele ekipe iingie, mutu anagonga dari na bare ya chuma. Jiwe nzima linalia kama kengele, jiwe lenye kuachana linalia kama ngoma.

Tarehe 12 Juni 2010, ku Austria, bawa ya planeri aina ya Blanik L-13 ilikatika hewani. Batu babili bakakufa. Chuma ya ndani ilikuwa imechoka, ufa ulikuwa umefichama fasi macho haifike. Bakubwa ba ndeke hawakusema ni bahati mbaya. Kwanza baliamuru mabawa yapimwe, kisha bakakataza aina yote kuruka. Klubu nyingi zilipata hasara, lakini hakuna aliyengoja bawa ya pili ikatike.

Na huku kwetu? Mu kampuni moja nilimotumika, muzee mumoja aligonga dari akasema: « Hapa tusiingie. » Shefu akamujibu: « Tonaji ya mwezi haijatimia. » Tukaingia. Jiwe likashuka, mwenzetu mumoja akavunjika mugulu. Mpaka leo anatembea na fimbo. Sikio ya muzee ilikuwa nzuri, bare yake pia. Neno lake tu ndilo halikuwa na nguvu.

Mu ndeke, fundi asipotia sinyature, haipande, hata mwenye ndeke akasirike. Konvansio 176 ya OIT, ya mwaka 1995, inasema mutumikaji wa mine ana haki ya kutoka fasi akiona, kwa sababu ya kweli, kama kuko hatari kubwa. Bajirani betu ba Zambia baliikubali tangu 1999.

Batu bengine batasema: kusimama kunakula prime yetu. Ni kweli, na ile prime ndiyo inasomesha batoto. Kwa hiyo sisi ba sendika tunaomba bintu bitatu. Saa za kusimama juu ya usalama zilipwe. Karatasi za kupima kable, keji na dari zibandikwe ku mulango, mu Kiswahili pia. Na mwenye kusema « tusimame » asifukuzwe kazi.

Mwezi huu, muulize delege wenu: kable ya keji yetu ilipimwa siku gani, na nani alitia sinyature?