Nyumba ya Bibi kwa Bei Tano

Toronto, Kanada

Kwa ami zangu na shangazi zangu, kwa ndugu wa Mjini na wa Ng'ambo, na kwa madalali wote wa Unguja wenye namba yangu ya simu.



Juzi nimeletewa nyumba ya bibi yetu niinunue. Picha nne kwenye WhatsApp: mlango wenye njumu za shaba, ngazi inayopinda, dari ya boriti, na lile dirisha la juu lililokosa ubao mmoja tangu mimi nasoma chuoni. Chini yake maneno: nyumba kali Mji Mkongwe, mwenyewe ana shida, bei ya haraka milioni 480. Aliyenitumia hanijui. Kanipata kwenye kundi la Wazanzibari wa Kanada, akaona huyu yuko nje, ana pesa.

Sikumjibu. Nikaanza kuuliza kimyakimya, na kufika Ijumaa nilikuwa na bei tano za nyumba hiyo hiyo moja ya Sokomuhogo: milioni 390, 420, 450, hizo 480, na mmoja aliyeitaja kwa dola laki mbili na nusu. Sisi warithi tulikubaliana milioni 350. Ami mkubwa alimwambia dalali mmoja, mmoja tu, barazani baada ya Laasiri.

Nilipiga hesabu kabla ya kukasirika, maana hesabu hizi ndizo kazi yangu. Hapa Toronto mimi ni dalali wa nyumba. Kwenye kadi wameniandikia cheo kirefu, lakini mama akiulizwa huko Kikwajuni anasema mwanangu ni dalali, na hakosei. Wengi wenu mnadhani dalali wa Ulaya na Marekani anaokota. Basi ngoja niwaeleze pesa yangu inavyokatwa, halafu tuzungumze ya kwetu.

Nyumba ikiuzwa dola 800,000, na muuzaji kakubali kutoa ujira wa asilimia 5, ujira wote ni 40,000. Kwa desturi ya hapa unakatwa katikati: 20,000 upande wa muuzaji na 20,000 upande wa mnunuzi. Tuseme mimi nimemleta mnunuzi. Zile 20,000 hazinipiti mkononi. Sheria ya jimbo la Ontario hainiruhusu kupokea ujira kutoka kwa mteja. Anayepokea ni kampuni niliyosajiliwa chini yake, kisha kampuni inanilipa mimi. Kama mteja yule nililetewa na wakala wa mji mwingine, yeye anachukua robo yake kwanza, 5,000. Zinabaki 15,000, tunagawana na kampuni kwa mkataba wetu wa 70 kwa 30: kwangu 10,500, kwao 4,500. Hapo sijatoa kodi, mafuta ya gari, mpiga picha, bima, wala ada za leseni. Na nikikaa miezi mitatu bila kuuza, nimekaa. Mshahara hakuna.

Mgao wenyewe haufanani. Anayeanza kazi mara nyingi hukatwa nusu kwa nusu. Mzoefu hupata 80 au 90. Mwaka 1973 kule Denver, Marekani, ilianzishwa kampuni ya RE/MAX kwa mtindo mwingine: wakala abaki na karibu ujira wake wote, ila alipe kodi ya meza na gharama za ofisi kila mwezi, auze asiuze. Wavuvi wa Nungwi hawahitaji kufafanuliwa hili. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kila baharia ana lake. Kampuni yangu ni chombo, mimi ni baharia. Naweza kunung'unika kuwa chombo kinakula sana, na nanung'unika kila mwezi, lakini fungu la chombo nilikuwa nalijua kabla hatujang'oa nanga.

Sasa turudi Unguja. Mwaka 2019 nilimnunulia mama kiwanja njia ya Dunga, kipande kilichokatwa kwenye eka tatu za mzee mmoja, katika zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi. Najua, wataalamu mtanisahihisha: kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar namba 12 ya 1992 ardhi ni mali ya umma, na mtu anachohaulisha ni haki ya kuitumia. Lakini barabarani watu husema kiwanja kinauzwa, na mimi nilinunua. Nilitoa milioni 38.

Nilipokuja likizo nikaenda kumwamkia mzee. Akaniangulia dafu, akanikalisha chini ya mwembe, akanishukuru. "Mwanangu, zile milioni 27 zimenistiri. Nimemwozesha binti."

Lile dafu sikulimaliza. Mzee sikumwambia kitu, ningemwambia nini? Lakini jioni ile nilimkalisha binamu yangu, aliyenisimamia kazi ile, mpaka akanitajia mmoja mmoja waliokula. Jirani wa mzee aliyesema kiwanja kipo: milioni 1. Dalali wa kijijini: 3. Dalali wa Mwanakwerekwe mwenye wateja: 4. Kijana aliyepiga picha na kuzisambaza: 1. Na yeye binamu yangu, damu yangu, 2. Jumla milioni 11 za kile tunachokiita cha juu, kwenye mali ya milioni 27. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40. Hapa Toronto mawakala wa pande zote mbili pamoja na kampuni zao wanagawana 5.

Binamu yangu hakuona haya. "Na mimi nilipanda daladala mara sita," aliniambia. Na kweli alipanda. Tena alisimama juani na fundi wa kupima, na alimfuata sheha mara mbili hakumkuta. Angeniambia tangu mwanzo, kaka, nataka milioni 2 kwa kazi hii, ningempa 3. Hakusema kwa sababu kwetu ndugu kudai ujira kwa ndugu ni aibu, ila kujikatia mwenyewe gizani si aibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Na sisi wa nje tuna sehemu yetu. Wengi wetu tumeshabadilisha pasi, na Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo tunanunua kwa jina la mama, la kaka, la shemeji. Tunatuma pesa, tunatuma na maagizo ya usiku wa manane, halafu hatuulizi mtu atakula nini katika kazi yetu. Tunajidai kuwa upendo unatosha. Haumlipi mtu nauli.

Msidhani pia kuwa Wazungu wameshafaulu mtihani huu. Marekani, kwa miaka mingi, muuzaji ndiye aliyekuwa akilipa ujira wa pande zote mbili, na wakala wa mnunuzi akimwambia mteja wake, mimi kwako ni bure. Bure gani? Ujira umo ndani ya bei ya nyumba. Tarehe 31 Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City lilisema chama cha taifa cha mawakala na baadhi ya kampuni kubwa walikula njama kuuweka ujira juu, na fidia ikafika karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kikakubali kulipa milioni 418 kumaliza kesi. Tangu tarehe 17 Agosti mwaka huo, wakala anayetumia daftari lao la pamoja la nyumba lazima asaini na mnunuzi karatasi yenye kiasi cha ujira kabla hajamtia ndani kutazama nyumba. Kabla ya kutazama, si siku ya kulipa. Cha juu kilikuwepo na kwao, ila kilivaa tai.

Ndugu zetu wa Dubai nao watawaambia kuwa huko desturi ni asilimia 2 kwa kununua na 5 ya kodi ya mwaka kwa kupanga, na dalali asiye na kadi ya serikali haruhusiwi kuuza. Mombasa iko chini ya sheria ya Kenya ya mawakala wa nyumba, Sura 533, yenye bodi ya kuwasajili. Nayataja haya kwa sababu kila nikilalamika huambiwa hayo ni mambo ya Kizungu.

Wako watakaonijibu kwa dini, kwamba cha juu si haramu, na hoja wanayo. Imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake amuuzie nguo, na kitakachozidi kiasi fulani kiwe chake. Bukhari kaiweka katika mlango wa ujira wa dalali. Lakini tazameni anayesema ni nani. Ni mwenye nguo. Yeye ndiye aliyekata kiasi na yeye ndiye aliyetoa ruhusa. Mzee wa Dunga hakuruhusu kitu, hakujua hata kama kuna kilichozidi. Na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, hata hiyo hawakuikubali, kwa kuwa ujira wake haujulikani. Kisha huyo huyo Ibn Abbas alipoulizwa maana ya hadithi inayomkataza mtu wa mjini kumuuzia mtu wa shamba mali yake, alijibu: asiwe dalali wake. Nikiikumbuka njia ya Paje na Jambiani, na vijana wa mjini waliokwenda kuuza pwani za wenyewe, kule ambako mwenye mnazi na mwenye ardhi si lazima wawe mtu mmoja, basi nanyamaza.

Hata hivyo dalali wa Mji Mkongwe simlaani, na hapa nataka wakubwa zangu mnisikilize. Nyumba ya Mji Mkongwe haiuzwi, inakusanywa. Ya bibi ina warithi kumi na wanne: wako Muscat, Dubai, London, Mombasa, Wete, na mimi huku kwenye theluji. Dalali lazima ajue kama nyumba si ya wakfu, aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Lazima ajue kama haikuchukuliwa na serikali baada ya 1964. Lazima mirathi iwe imepita kwa kadhi. Lazima amweleze mnunuzi anayeota hoteli kwamba Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, haitamwachia avunje ukuta apendavyo, na kwamba tangu mwaka 2000 mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Uhaulishaji nao una bodi yake. Yote hayo anayafanya kwa miguu yake na vocha yake, halipwi hata senti. Mrithi wa kumi na tatu akigoma, dalali kala hasara peke yake. Na mrithi wa kumi na tatu mara nyingi ni mmoja wetu wa nje, asiyepokea simu.

Kuna na jambo baya zaidi, la kurukwa. Dalali anamleta mnunuzi, anamwonyesha nyumba, anamkutanisha na mwenyewe. Wiki ya pili wawili wale wameshakaa kahawani Jaws Corner, wameelewana, na dalali hapigiwi simu tena. Familia zetu zimefanya hivyo. Ami, unakumbuka nyumba ya Mkunazini? Ndiyo maana dalali anamficha mwenye mali. Akimficha, bei anaijua yeye peke yake. Bei ikiwa siri, kila anayeipokea anaweka chake juu, kwa sababu na yeye anaogopa kurukwa na aliyempa. Bei tano za nyumba ya bibi zimezaliwa hapo. Mimi huku sifichi, kwa kuwa mkataba wangu una kipengele kinachonilinda: mnunuzi niliyemleta akinunua hata baada ya mkataba kwisha, ndani ya siku tulizoandika, ujira wangu uko palepale.

Basi kwa nyumba ya Sokomuhogo naomba tufanye hivi, na nimeshasema na shangazi wa Muscat, kakubali. Bei ni milioni 350 na kila mtu aijue. Ujira ni asilimia 5, milioni 17 na nusu, tunatoa sisi warithi kwenye pesa ya mauzo, na mnunuzi asidaiwe kitu cha dalali. Dalali mkuu ni yule aliyeambiwa na ami. Atakayemleta mnunuzi anachukua nusu ya ujira. Kama naye kaletewa na mwingine, wagawane ndani ya nusu ile, na majina yao yaandikwe kwenye karatasi moja kabla mnunuzi hajapanda ngazi. Jina likishaandikwa, kwa miezi sita hatumruki mtu, hata mnunuzi atufuate msikitini. Siku ya kusaini, mnunuzi na ami wakae chumba kimoja na kila mmoja ataje bei kwa sauti, sheha akisikia.

Warithi wa nje, tumeni karatasi zenu za uwakala kabla ya Ramadhani. Binamu, nauli yako ya daladala iandike, nitailipa mimi.

Na wewe uliyeitaja kwa dola laki mbili na nusu: choo cha ghorofani kinavuja mpaka chumba cha chini, boriti mbili zimeoza. Mwambie mnunuzi wako.

Ndugu yenu,
Toronto