Nguzo za Makaa na Uhai wa Mchimbaji

Makaa ya mawe yaliyo chini ya ardhi huchimbwa katika migodi mingi kwa njia ya vyumba na nguzo. Wachimbaji hukata njia ndani ya tabaka la makaa, na baina ya njia hizo huacha mapande makubwa yasiyoguswa. Mapande hayo ndiyo nguzo. Ndiyo yabebayo uzito wa mwamba wote ulio juu. Mwenye mgodi akiyatazama huona mali iliyolala bure. Mchimbaji huona kinachomzuia asizikwe hai.

Twakumbuka yaliyotokea Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960. Nguzo zilianza kupasuka, uzito wake ukaziangukia za jirani, nazo zikavunjika, hata sehemu kubwa ya mgodi ikaporomoka. Watu 435 walifukiwa. Karibu wote walikuwa Waafrika, wengi wao wakiwa vibarua wa mkataba kutoka Basutoland, ndiyo Lesotho ya leo, na Msumbiji. Waokoaji walitoboa mashimo kutoka juu wasipate dalili yoyote ya uhai. Maiti zao zingali huko chini.

Wala msiba huo haukuja bila kubisha hodi. Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu moja ya mgodi huohuo ilikuwa imekwisha kuporomoka, na kazi ikaendelea. Kabla ya hapo makaa ya darini yalikuwa yakikatwa ili kuongeza mavuno, na nguzo inayorefuka bila kunenepa hudhoofika. Basi mtu asituambie kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Kanuni ya kupimia nguvu za nguzo, iliyotungwa na Salamon na Munro kutokana na uchunguzi wa nguzo 98 zilizosimama na 27 zilizoanguka, ilitolewa mwaka 1967, miaka saba baada ya maziko yasiyo na makaburi.

Kuporomoka si hatari pekee. Makaa hutoa gesi ya methani, isiyo na rangi wala harufu. Cheche moja yaweza kuilipua, na mlipuko huo ukalitimua vumbi la makaa, nalo likawaka kwa nguvu kuliko gesi yenyewe. Ndiyo sababu migodi hunyunyiza unga wa chokaa njiani ili kuuzima moto. Huko Wankie, nchini Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, mlipuko wa tarehe 6 Juni 1972 uliua watu 427.

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali anapoona hatari, na unadai njia mbili za kutokea pale inapowezekana. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 nayo inaitambua haki hiyo. Lakini haki hiyo yamfaa nini kibarua ambaye akitoka shimoni atakosa ujira wa siku, na kesho nafasi yake imepewa mwingine?

Hivyo, viongozi wa jumuiya ambazo vijana wake wamekwenda migodini, tunawaomba mwaulize warudipo likizo: njia ya pili ya kutokea iko wapi? Nani hupima gesi kabla ya zamu, na matokeo huandikwa wapi? Na yule wa mwisho aliyekataa kuingia, alifanywa nini?